Kapasita zimefungwa, ankara haishuki: tuanzie wapi?

Simu zote hufanana. "Fundi, kapasita zimekufa, njoo na nyingine." Nami hujibu vilevile kila mara: usinunue kitu, ngoja nije na klampu mita, kile kipima mkondo kinachobana kebo. Katika paneli nilizozifungua, kapasita zilizojifia kwa uzee ni chache. Nyingi ziliuawa na kitu fulani, na kitu hicho kitaziua na mpya kabla mwezi haujaisha. Nyingine ni nzima kabisa, zinasingiziwa tu, mwenye kosa ni CT, transfoma ndogo ya kupimia mkondo, iliyofungwa pasipo pake.

Naandika kwa ajili ya fundi au msimamizi wa kiwanda mwenye paneli ya kapasita za kupunguza ankara ya umeme, ya volti 400 (415 kwa ndugu zetu wa Kenya), yenye rilei inayoziingiza na kuzitoa kapasita kwa hatua. Nimepanga kwa malalamiko kama wenye mali wanavyoyasema.

Kabla ya kugusa chochote

Kapasita ikizimwa haijalala. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60831 kinataka rizista za kutolea chaji ziishushe hadi volti 75 ndani ya dakika 3, lakini hiyo ni kapasita ambayo rizista zake ni nzima. Rizista ikikatika, kopo la kapasita linaweza kukusubiri muda mrefu likiwa na volti 500 na ushei, maana kilele cha volti 400 hufika kama 565. Zima, piga breka kufuli, subiri dakika 5, pima fezi kwa fezi na fezi kwa bodi, ndipo uziunganishe ncha zote tatu na ardhi. Ninayo bisibisi iliyoliwa ncha na kopo ambalo niliambiwa "limezimwa tangu asubuhi". Naitunza kwenye boksi la vifaa kwa ajili ya vijana wanaokuja kujifunza, na hotuba yake ni fupi kuliko yangu.

Na CT nayo, ile transfoma ndogo inayovishwa kwenye kebo kuu ili rilei ijue mkondo unaopita: usifungue waya zake wakati mzigo umewashwa. CT iliyoachwa wazi hujenga volti kubwa kwenye ncha zake, ikakudhuru wewe na kujiunguza yenyewe. Unganisha S1 na S2, ncha zake mbili, kwanza, ndipo uitoe rilei.

Hesabu ya kukaa nayo kichwani

Mota inataka umeme wa namna mbili kwa pamoja. Mmoja unafanya kazi, unazungusha kinu na kusaga mahindi. Huo tunaupima kwa kW. Wa pili unajenga sumaku ndani ya mota, unaenda na kurudi mara 100 kwa sekunde bila kusaga hata punje moja. Huo ni kVAr. Kebo na transfoma hazibagui, zinabeba wote wawili, na mzigo wao wa pamoja ndio kVA. Pawa fakta ni kW ukigawa kwa kVA. Kazi ya kapasita ni kuipa mota umeme wa sumaku hapohapo kiwandani, usisafirishwe kutoka mabwawa ya umeme ya Kidatu au Mtera kuja tu kurudi ulikotoka.

Chukua kinu cha kW 180 chenye pawa fakta 0.75. Kinavuta kVA 240, sawa na amperi 346 kwa volti 400. Kipandishe hadi 0.95, kVA zinashuka kuwa 189 na nusu, amperi 273. Kinachotakiwa ni kVAr 100 hivi: 180 mara tofauti ya 0.882 na 0.329, ambazo ni tanjenti za pembe zenye kosaini 0.75 na 0.95. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, mwaka 2016, mteja wa kundi la T2 (wateja wakubwa kiasi wa volti 400) hutozwa shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mahitaji ya juu kwa mwezi. Zidisha kwa kVA 50 zilizookolewa uone: zaidi ya shilingi 750,000 kila mwezi. Kenya wana kiboko kingine juu ya hicho: pawa fakta ikiwa chini ya 0.9, mteja mkubwa anaongezewa tozo.

"Tumefunga kapasita, ankara ni ileile"

Kabla ya kufungua paneli, fungua ankara. Nimewahi kuitwa na mwenye karakana aliyefungiwa kapasita na fundi mwenye maneno matamu, kumbe yeye ni mteja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, analipia uniti tu. Mita yake haihesabu kVA. Kapasita ilimpunguzia joto kidogo kwenye kebo, basi. Vile vijiboksi vinavyouzwa mjini eti uvichomeke ukutani umeme wa nyumbani upungue nusu, ndani yake mara nyingi kuna kikapasita kidogo na taa ya kijani. Taa ndiyo inayofanya kazi.

Kama kweli unatozwa kwa kVA, kumbuka mita inachukua kilele kimoja tu cha mwezi mzima. Siku 29 paneli inafanya kazi vizuri. Siku ya 30 mtu kazima breka ya kapasita, mota zote zikawaka, zikaenda hivyo nusu saa. Ankara ya mwezi huo itahesabiwa kwa nusu saa hiyo. Kinu kimoja kilinisumbua miezi miwili kwa sababu hii. Kila nilipofika, paneli inasoma 0.96 safi kabisa. Mwishowe nikamuuliza mlinzi wa usiku, siyo meneja.

"Umeme ukikatika mzee, huwa mnafanyaje?"
"Tunazima ile kabati inayounguruma, tunawasha jenereta."
"Na ukirudi?"
"Ya asubuhi wanajua wa asubuhi."

Wa asubuhi walikuwa wanakumbuka saa nne.

Kuna na sharti ambalo wengi hawalisomi katika bei za TANESCO: mahitaji yanayotozwa ni makubwa kati ya mawili, kilele cha mwezi huu au asilimia 75 ya kilele cha juu cha miezi mitatu iliyotangulia. Kiwanda cha msimu, kama cha kuchambua pamba, kikifunga kapasita msimu unapoisha kitaendelea kulipia kivuli cha miezi iliyopita. Hilo si kosa la kapasita, ni la kalenda.

Ankara ikishathibitika, fanya kipimo cha dakika 5. Wakati kiwanda kina mzigo wa kawaida, weka klampu kwenye kebo kuu inayotoka transfoma. Soma. Zima paneli ya kapasita. Soma tena. Amperi zikipanda kwa kiasi ulichotarajia, kapasita zinafanya kazi na tatizo lako liko kwenye karatasi au kwenye mazoea ya watu. Zisipotikisika, endelea hapa chini.

Amperi zinavyosimulia

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, maana hapa hela nyingi huokolewa. Weka rilei kwenye mkono (isijiendeshe yenyewe), ingiza hatua moja, pima fezi zote tatu za hatua hiyo. Kisha inayofuata. Andika kwenye karatasi, usiamini kichwa.

Kapasita ya kVAr 25 iliyotengenezwa kwa volti 400 inapaswa kuvuta amperi 36 kila fezi. Ndani ya kopo kuna kapasita tatu zilizofungwa delta, yaani kwa umbo la pembetatu, kwa hiyo kila ugonjwa una sura yake.

Ukikuta 36, 36, 36: nzima, achana nayo.

Ukikuta 31, 31, 0: usiguse kopo. Fezi moja haifiki. Fyuzi imekatika, au kidole kimoja cha kontakta (swichi inayoingiza hatua) hakigusi, au skrubu imelegea. Kapasita iliyokosa fezi moja hubaki na asilimia 87 ya mkondo kwenye fezi mbili zilizobaki, na ndiyo maana 31. Nimeona makopo mazima sita yametupwa kwenye kona ya ghala kwa dalili hii, na fyuzi ya shilingi chache ingeyarudisha yote kazini.

Ukikuta 36, 21, 21: hapa kapasita moja kati ya tatu za ndani imekatika. Hili kopo kweli limekufa, ingawa sehemu yake bado inapumua. Inatoa theluthi mbili ya kVAr zake na kuipotosha mizani ya fezi.

Ukikuta 30, 30, 30 usikimbilie kulilaumu. Soma kibandiko. Kama kimeandikwa kVAr 25 kwa volti 440, basi kwenye volti 400 itatoa kVAr 20.7 tu, na hizo ndizo amperi 30. kVAr hufuata volti ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Anayenunua makopo ya volti 480 kwa sababu ni imara (na ni imara kweli) asisahau kwamba 25 za kwenye kibandiko zitakuwa 17 kazini. Paneli nyingi "zisizotosha" zilikosewa dukani, kwenye hesabu hii.

Ukikuta 23, 23, 23 kwenye kopo la volti 400, limechoka. Filamu ya ndani hujiponya yenyewe kila inapotoboka kidogo, na kila ikijiponya inapoteza uwezo kidogo. Miaka ikipita, kopo linakonda bila kelele.

Ukikuta 45 na zaidi, simama. Mkondo uliozidi wa kibandiko una maana moja kati ya mbili: volti ziko juu mno, au kuna hamoniki, yaani mikondo ya kasi kupita ile ya hezi 50. Kiwango kinaruhusu hadi mara 1.3 ya mkondo wa kawaida, yaani 47 kwa kopo hili. Ukiwa hapo kopo lako linaungua polepole. Tutalirudia hili.

Ukitaka uhakika zaidi, zima, toa chaji, fungua waya, pima maikrofaradi kati ya ncha na ncha. Kopo hilohilo la kVAr 25 kwa volti 400 linapaswa kusoma kama 249 kila upande. Likisoma 166, 166 na 83, umeiona kwa macho ile kapasita moja iliyokatika.

"Rilei inasoma vitu vya ajabu"

Rilei ina jicho moja tu, CT. Jicho likiangalia pembeni, kichwa kinatoa amri za kilevi. Kwa hesabu yangu ya miaka, kosa la CT ndilo linaloongoza kwenye paneli mpya, na linaongoza kwa mbali.

Jaribio langu ni hili. Weka kwenye mkono, ingiza hatua moja, tazama namba ya pawa fakta. Ikipanda kuelekea 1, CT iko sawa. Ikishuka wakati kapasita imeingia, S1 na S2 zimegeuzwa au fezi si yake. Ikikaa palepale kama haijasikia kitu, CT imefungwa mahali ambapo mkondo wa kapasita haupiti.

Hili la mwisho ndilo la hila. Kuna kiwanda cha unga kilichokuwa na hatua zote nane zimeingia mchana kutwa, rilei inasoma 0.72 na kulia alamu, huku mita ya TANESCO pale nje ikionyesha pawa fakta imeshavuka 1 na kuangukia upande wa pili. CT ilivishwa kwenye kebo inayokwenda kwenye mota, baada ya tawi la kapasita. Rilei ikawa inaona mota peke yake. Ikiingiza kapasita haioni tofauti, inaongeza nyingine, na nyingine, mpaka zimekwisha. CT lazima ivishwe juu kabisa, karibu na breka kuu, mahali ambapo mkondo wa mota na wa kapasita umeshakutana. Kazi nzima ilikuwa ya robo saa na spana namba 13.

Kuhusu fezi: rilei nyingi zinataka CT iwe kwenye fezi ya kwanza na volti zichukuliwe kati ya ya pili na ya tatu. Fundi akivisha CT kwenye fezi ya pili bila kubadilisha waya za volti, pembe inakosewa kwa digrii 120 na namba zinakuwa za kuchekesha. Fuata mchoro wa rilei yako, usifuate rangi za waya, hasa kwenye jengo la zamani lililopita mikono mingi.

CT kubwa mno nayo ni upofu. Hatua ya kVAr 12.5 ni amperi 18. Kwenye CT ya 1000/5, inayogeuza amperi 1000 kuwa 5, amperi hizo zinakuwa 0.09 tu zinapofika kwenye rilei. Rilei haiwezi kuamua kwa mnong'ono kama huo. Chagua CT kwa mzigo uliopo, siyo kwa ndoto ya upanuzi.

Jambo moja zaidi: rilei ya kawaida inatazama fezi moja na kudhani nyingine zinafanana nayo. Karakana yenye mashine kubwa za kuchomelea za fezi mbili itaidanganya kila siku. Pima fezi zote tatu kwa klampu kabla hujaamua CT ikae wapi.

"Kontakta zinagonga-gonga, fyuzi zinakatika"

Kwanza sikiliza. Kama hatua ileile inaingia na kutoka kila baada ya dakika moja, rilei inatafuta kitu isichokipata. Kiwanda kinahitaji kVAr 15, hatua ndogo kabisa ni 25. Ikiingia imezidi, ikitoka imepungua. Wekea hatua ndogo moja ya 5 au 10, au shusha lengo kutoka 1.00 hadi 0.95. Watu wanaopanga 1.00 wanajifurahisha, kVA za kutoka 0.95 hadi 1 ni chache na zinagharimu kapasita nyingi.

Tazama pia muda wa kurudia. Kapasita iliyotoka sekunde 10 zilizopita bado ina chaji, na ukiirudisha kwenye umeme volti zinaweza kukutana uso kwa uso. Mshindo wake unakata fyuzi na kubandika vidole vya kontakta. Mimi sishuki chini ya sekunde 60.

Halafu kontakta yenyewe. Kontakta ya kapasita ina nyaya nyembamba zilizojisokota kama springi, zinatokeza ubavuni. Kapasita inapoingia, mkondo unapitia huko kwanza ili upunguzwe makali, ndipo vidole vikuu vinafunga. Bila nyaya hizo, mkondo wa mara ya kwanza unaweza kupita mara 100 ya ule wa kawaida, hasa kama kapasita za jirani zimeshajaa chaji na zinamwaga kwa mgeni. Fundi aliyekosa kontakta hiyo dukani akafunga ya kawaida ya mota ataitwa tena, na atakuta vidole vimeshikana, kapasita iko ndani hata rilei ikisema imetoka. Kipimo chake ni rahisi: rilei inasema hatua imezimwa, klampu inasoma 36. Na nyaya hizo zikiwa nyeusi au zimekatika, badilisha kontakta nzima.

Mashine za kuchomelea za spoti, zinazovuta na kuachia mara kadhaa kwa dakika, hazitibiki kwa kontakta. Zinahitaji swichi za thairista, za kielektroniki zisizo na vidole. Ukilazimisha utakuwa mteja wa kudumu wa muuza kontakta.

"Makopo yanavimba"

Kopo likivimba juu, limefanya lilichoagizwa: presha ya ndani imenyanyua kifuniko na kukata waya wa ndani ili lisipasuke. Halivuti tena amperi hata moja. Usiligonge lirudi. Swali ni nani kalifikisha hapo, na washukiwa ni watatu.

Wa kwanza ni joto. Makopo ya daraja la D, ndiyo mengi madukani, yanavumilia hewa ya nyuzi 55 kwa muda mfupi, lakini wastani wa siku nzima usizidi 45. Dar es Salaam mwezi Februari, kabati la chuma lililosogezwa ukutani upande wa jua, lenye feni ambayo chujio lake limegandiwa na vumbi la unga mpaka likawa kama kitambaa cha khanga kilichopigwa wanga: fikiria mwenyewe ndani mna nyuzi ngapi. Kopo lenyewe linapoteza wati kidogo sana, haifiki hata nusu wati kwa kila kVAr. Ukilikuta linachoma mkono huku feni inazunguka vizuri, nenda kwa mshukiwa wa tatu.

Wa pili ni volti za usiku. Mzigo wa mtaa ukilala, volti zinapanda. Zikipanda kwa asilimia 5, kVAr zinapanda kwa 10. Kapasita iliyofungwa moja kwa moja bila rilei, isiyozimwa usiku, inaongeza volti hizo yenyewe kwa kuwa hakuna mota ya kuzila. Gridi ya taifa ina ugonjwa huohuo kwa kipimo kikubwa: njia ya umeme ya Iringa hadi Shinyanga, kama kilomita 670, ikiwa na mzigo mdogo inakuwa kapasita ndefu, ndiyo maana kwenye vituo vya njia ndefu namna hiyo hufungwa riakta, koili kubwa za kumeza kVAr. Kiwandani dawa ni kuzima. Pima volti saa nane usiku, si saa nane mchana.

Wa tatu ni hamoniki, na huyu ndiye muuaji wa viwanda vya kisasa. Draivu za kubadili mwendo wa mota, chaja kubwa na UPS hazivuti umeme kwa wimbi laini. Zinauvuta kwa mikupuo, na mikupuo hiyo huzaa mikondo ya mara 5, 7, 11 na 13 ya hezi 50. Kapasita, kwa tabia yake, inaikaribisha mikondo ya kasi kuliko kifaa kingine chochote ndani ya jengo. Mbaya zaidi, transfoma na kapasita kwa pamoja zina mlio wao, kama ngoma iliyovutwa ngozi, na mlio huo ukilingana na hamoniki iliyopo, mkondo unakuzwa mara kadhaa.

Mlio unaukadiria hivi: chukua nguvu ya shoti ya transfoma (kVA zake ukigawa kwa impidansi yake), gawa kwa kVAr zilizoingia, tafuta kipeuo cha pili. Transfoma ya kVA 315 yenye impidansi ya asilimia 4 ina nguvu ya shoti ya kVA 7,875. Ukiingiza kVAr 100, jibu ni 8.9, uko salama kiasi. Ukiongeza hadi 160, jibu ni kama 7, na draivu zako zinatoa hamoniki ya 7. Hapo ndipo unapopata lile lalamiko linalowachanganya watu: "Tukiwa na hatua nne hakuna shida, tukiongeza mbili fyuzi zinakatika." Hakuna hatua iliyo mbovu. Ni mlio umefika pake.

Dalili nyingine: amperi za kapasita zimezidi kibandiko wakati draivu zinafanya kazi, na zikizimwa zinarudi 36. Fanya jaribio hilo kabla hujakodi mtu mwenye kipima hamoniki.

Dawa ni riakta inayofungwa mfululizo na kila hatua. Ya asilimia 7 inashusha mlio hadi hezi 189, chini ya hamoniki ya 5, pasipo na kitu cha kukuza. Lakini riakta hiyo inapandisha volti za kwenye kopo kutoka 400 hadi 430, kwa hiyo makopo ya volti 400 hayafai tena. Tumia ya 440 kwenda juu, na mimi huchagua 480. Usichanganye hatua zenye riakta na zisizo nayo kwenye paneli moja. Mwenye kiwanda atalia juu ya bei. Mwonyeshe makopo yake yaliyovimba.

"Umeme ukikatika, jenereta linachafuka"

Taa zinang'aa kupita kiasi, volti zinapanda 430, 440, kisha jenereta linajizima. Kapasita zimebaki ndani wakati mota nyingi hazijawashwa. Jenereta halipendi kulishwa kVAr. Likizidiwa, kidhibiti chake cha volti kinapoteza usukani. Dawa ni waya moja ya kudhibiti: chukua kontakti saidizi kwenye swichi ya kubadilishia umeme, ikate rilei ya kapasita kila jenereta linaposhika mzigo, na irudishe yenyewe umeme wa gridi unaporudi. Hapo humtegemei tena mlinzi wala "wa asubuhi".

Kapasita iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota nayo ina mtego wa jamii hiyo. kVAr zake zisizidi asilimia 90 ya zile ambazo mota huvuta ikiwa tupu, la sivyo mota ikizimwa ingali inazunguka itajigeuza jenereta na kupandisha volti zake yenyewe. Na kama rilei ya ovalodi iko kabla ya kapasita, ishushe, maana mkondo umepungua.

"Tumeweka sola juu ya paa, pawa fakta imeporomoka"

Hili linaongezeka, na halina mchawi. Kiwanda kilikuwa na kW 180 na kVAr 60, pawa fakta 0.95. Saa sita mchana sola inatoa kW 120, kwa hiyo gridi inatoa 60 tu. kVAr ni zilezile 60, kwa sababu sola haikupangiwa kuzitoa. Sasa 60 kwa 60: pawa fakta 0.71.

Kwa mteja wa kVA wa Tanzania hii si balaa. kVA zake zimeshuka kutoka 190 hadi 85. Kwa mteja wa Kenya anayetozwa akiwa chini ya 0.9, ni pesa. Kabla ya kununua kapasita zaidi, fungua mipangilio ya inveta: nyingi zinaweza kuagizwa zitoe na kVAr, na mara nyingi hilo linamaliza kazi bure. Kisha angalia rilei yako. Kiwanda kikifika mahali pa kurudisha umeme kwenye gridi, kama siku za Jumapili, rilei ya zamani isiyojua mkondo uliogeuka itasoma upuuzi na kuingiza hatua zote. Inatakiwa rilei inayosoma pande zote nne: kW na kVAr, zikiingia na zikitoka. Na fundi wa sola akiwa ameunganisha kebo yake juu ya CT yako, upande wa breka kuu, rilei haitaiona sola kabisa. Itaendelea kupima mota na kapasita kama zamani, namba zitakuwa nzuri, na mita ya nje itasema jambo jingine.